Oksijeni wakati mtoto mchanga anapowekewa mrija wa kupumulia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu kipande kifupi sana cha matibabu ya mtoto mchanga: zile sekunde ambazo barakoa imekwisha kuondolewa usoni, mrija bado haujafika kwenye bomba la hewa, na mtoto hapuliziwi hewa na mtu wala mashine. Unaeleza pia njia ya kumpa oksijeni puani katika sekunde hizo. Wazazi huuliza kuhusu sekunde hizo kwa sababu ndipo walipoombwa wasubiri nje ya pazia. Wauguzi na madaktari wanaoanza kazi huuliza kwa sababu ndipo mikono inapotetemeka. Majibu haya ni kwa ajili ya wote hao, na hayachukui nafasi ya maelezo ya daktari anayemtibu mtoto wako.

Kuwekewa mrija wa kupumulia ni kufanyiwa nini hasa?

Ni kupitishiwa mrija laini wa plastiki mdomoni, na pengine puani, katikati ya nyuzi sauti hadi ndani ya bomba la hewa, ili mashine au mfuko wa kupulizia upeleke hewa moja kwa moja mapafuni. Anayeuweka hutumia laringoskopu, kifaa chenye mpini na ulimi mwembamba wenye taa, kunyanyua ulimi wa mtoto na kuliona koromeo.

Vipimo vyake vinaonyesha ugumu wa kazi yenyewe. Mtoto wa chini ya kilo moja hutumia mrija wenye uwazi wa milimita 2.5, wa kilo moja hadi mbili hutumia wa milimita 3, aliyezidi kilo mbili hutumia wa milimita 3.5. Ili kukisia kina, wengi huchukua uzito wa mtoto kwa kilo na kuongeza 6, na jibu ndiyo alama ya sentimita inayopaswa kuwa kwenye mdomo wake. Mtoto wa kilo moja, basi, mrija wake unasimama kwenye alama ya 7. Ukiingia sentimita moja zaidi unaweza kuelekea pafu moja tu, na ukirudi nyuma kidogo unaweza kuchomoka.

Kila mtoto njiti huwekewa mrija?

Hapana. Njiti wengi husaidiwa na mashine ya CPAP, inayosukuma hewa puani bila kukatiza ili mapafu yasisinyae, na hawahitaji mrija kamwe. Mrija huwekwa pale mtoto asipopumua hata baada ya kupuliziwa hewa vizuri kwa mfuko na barakoa, pale CPAP inapozidiwa, pale anapofanyiwa upasuaji, au pale anapohitaji kupewa safaktanti, dawa inayosaidia vifuko vya hewa vibaki wazi, kupitia mrija huo.

Kwa nini oksijeni ya mtoto hushuka haraka hivyo wakati wa kazi hiyo?

Mtoto mchanga hutumia oksijeni nyingi kuliko umbo lake linavyodokeza. Kwa kila kilo ya uzito, mwili wake hutumia takriban mililita 6 hadi 8 za oksijeni kwa dakika, karibu mara mbili ya mtu mzima. Akiba yake nayo ni ndogo. Mapafu ni madogo, mbavu ni laini, na pumzi ikisimama vifuko vya hewa huanza kusinyaa, hasa kwa njiti ambaye mwili wake haujatengeneza safaktanti ya kutosha. Mtu mzima aliyeandaliwa vizuri kwa oksijeni kabla ya upasuaji anaweza kukaa dakika kadhaa bila kupumua kabla kipimo chake hakijatikisika. Njiti wa gramu 900 huhesabiwa kwa sekunde.

Kando ya kitanda jambo hili huonekana hivi. Barakoa inaondolewa, na kipimo cha oksijeni ya damu, kinachotumia mwangaza, kinasoma asilimia 95. Laringoskopu inaingia mdomoni, mate yanafyonzwa, kichwa kinawekwa sawa. Kipimo bado kinasoma 95, na mgeni anaweza kudhani mambo ni shwari. Kisha namba zinaanza kuteremka, 91, 86, 78, na mlio wa mashine unaofuata kiwango cha oksijeni unazidi kuwa mzito. Ukweli ni kwamba oksijeni ilianza kupungua mapema. Kipimo huchelewa, kwa kuwa damu lazima isafiri kutoka mapafuni hadi kwenye kiganja kilichofungwa kihisio, na mashine nayo hukokotoa wastani wa sekunde kadhaa kabla ya kuonyesha namba. Kwa hiyo anayesubiri kipimo kishuke ndipo aache amechelewa tayari, na kwa kawaida namba huendelea kushuka kwa muda hata baada ya barakoa kurudishwa usoni.

Moyo nao hupunguza mwendo, kwanza kwa kukosa oksijeni, na pia kwa sababu ulimi wa laringoskopu ukigusa nyuma ya koo huamsha mshipa wa fahamu unaopunguza mapigo. Mapigo yakishuka chini ya 100 kwa dakika, kinachotakiwa ni kuacha mrija na kumpulizia mtoto hewa kwanza.

Haya si mambo ya nadra. Takwimu za rejista ya pamoja ya hospitali kadhaa, zilizochapishwa mwaka 2019, zilionyesha kwamba katika asilimia 48 ya uwekaji wa mirija uliofanyika kwenye wodi za watoto wachanga mahututi, kiwango cha oksijeni kilishuka kwa pointi 20 au zaidi. Ni karibu nusu, na hizo ni hospitali zenye wataalamu na vifaa.

Kwa kawaida mtoto hulindwaje katika sekunde hizo?

Utaratibu uliozoeleka ni kumpandisha kwanza. Mtoto hupuliziwa hewa yenye oksijeni kwa barakoa hadi kipimo na mapigo vitulie, kisha barakoa huondolewa na jaribio hufanywa kwa muda usiozidi sekunde 30 hivi. Likishindikana, barakoa hurudishwa, mtoto anapandishwa tena, ndipo hujaribiwa mara ya pili. Udhaifu wa utaratibu huu ni kwamba ndani ya sekunde hizo 30 mtoto hapati chochote. Baadhi ya wahudumu huweka mpira wa oksijeni karibu na uso wa mtoto wakitumaini kwamba kitu fulani kitaingia, lakini hakuna anayeweza kusema ni kiasi gani kinachofika mapafuni.

Basi huko kupewa oksijeni puani wakati mrija unawekwa ni kitu gani?

Ni kuacha vimrija viwili vidogo vya puani mahali pake, vikiendelea kupeleka mkondo wa hewa yenye oksijeni, iliyopashwa joto na kutiwa unyevu, wakati laringoskopu imo mdomoni. Mdomo ni wa anayefanya kazi, pua inabaki ya mtoto.

Inafanyaje kazi ikiwa mtoto hapumui? Damu inayopita mapafuni huendelea kuchukua oksijeni kutoka kwenye vifuko vya hewa hata kifua kikiwa kimetulia. Kabonidayoksaidi inayorudi kwenye vifuko hivyo ni kidogo kuliko oksijeni inayotoka, kwa hiyo hutokea mvuto mdogo unaoteremsha hewa ya kooni kuelekea mapafuni. Hewa iliyo kooni ikiwa ya kawaida, kinachovutwa ni hewa ya kawaida. Ikiwa na oksijeni nyingi, kinachovutwa ni oksijeni. Juu ya hapo, kasi ya mkondo huleta msukumo kidogo unaosaidia vifuko visisinyae, ingawa sehemu yake hupotelea kwenye mdomo ulio wazi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1959 watafiti wa dawa za usingizi walieleza habari za wagonjwa 8 waliolegezwa misuli na kukaa kati ya dakika 18 na 55 bila kupumua, huku damu yao ikiendelea kupata oksijeni kwa njia hii. Kabonidayoksaidi yao, hata hivyo, ilipanda mno. Somo la pili ni muhimu kama la kwanza, kwa maana njia hii huleta oksijeni lakini haiondoi kabonidayoksaidi. Na mtoto mchanga si mtu mzima mdogo. Kwake hatuzungumzii dakika 18. Tunazungumzia sekunde chache za nyongeza, ambazo mara nyingi ndizo zinazotenganisha jaribio lililotulia na jaribio la kuhangaika.

Kuna ushahidi kwamba inawasaidia watoto wachanga?

Upo, na ulipatikana Melbourne, Australia. Kate Hodgson na wenzake walifanya jaribio katika wodi mbili kubwa za watoto wachanga mahututi, mojawapo ikiwa ya Royal Women's Hospital, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022 katika New England Journal of Medicine. Walichunguza uwekaji wa mirija 251 kwa watoto 202. Kwa kura, baadhi ya watoto walipewa mkondo wa puani wa lita 8 kwa dakika wakati wa kuwekewa mrija, na wengine walihudumiwa kwa utaratibu wa kawaida bila mkondo huo.

Ninachokipenda katika jaribio hili ni swali walilochagua kuuliza. Hawakutosheka na kuuliza kama mrija uliingia. Waliuliza kama uliingia katika jaribio la kwanza bila mtoto kuyumba, na kuyumba walikueleza wazi kuwa ni oksijeni kushuka kwa zaidi ya pointi 20 kutoka ilipokuwa, au mapigo ya moyo kuwa chini ya 100. Mtu akifanikiwa kuweka mrija huku mtoto amekuwa wa bluu, sisi tunaofanya kazi wodini tunajua kwamba hayo si mafanikio ya kumsimulia mama yake.

Matokeo yalikuwa haya. Waliopewa mkondo wa puani, 62 kati ya 124, yaani asilimia 50, waliwekewa mrija mara ya kwanza bila kuyumba. Kwa wasiopewa walikuwa 40 kati ya 127, yaani asilimia 31.5. Ukiacha suala la kuyumba na kuhesabu kuingia kwa mrija mara ya kwanza pekee, ilikuwa asilimia 68.5 dhidi ya 54.3. Mikono ilikuwa ileile, laringoskopu zilezile. Kilichoongezeka ni utulivu wa mtoto, na inaelekea utulivu huo ulimwezesha mhudumu kumaliza kazi aliyoianza badala ya kuikatiza.

Asilimia hizo zina maana gani kwa mtoto wangu?

Zina maana kwamba kwa kila watoto 6 hivi wanaopewa mkondo wa puani, mmoja zaidi huwekewa mrija mara ya kwanza bila kuyumba, ambaye pengine asingeweza. Hiyo ni faida kubwa kwa kitu rahisi kama kuacha vimrija puani. Lakini tuwe wakweli kwa wazazi: hata kwa msaada huo, nusu ya watoto hawakupita kwa utulivu katika jaribio la kwanza. Daktari akikwambia kwamba oksijeni ya mtoto ilishuka kidogo na ikabidi wajaribu tena, usichukulie kwamba uzembe umefanyika.

Kama oksijeni ni nzuri, kwa nini asipewe asilimia 100 muda wote?

Swali hili tunaulizwa kila wiki, na linastahili jibu refu, kwa sababu historia yake iliandikwa kwa macho ya watoto.

Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, njiti waliokuwa wakinusurika katika hospitali bora za nchi tajiri walianza kupofuka kwa wingi. Hakuna aliyejua sababu. Mwaka 1951 daktari wa watoto wa Melbourne, Kate Campbell, alilinganisha watoto waliopewa oksijeni kwa wingi na waliopewa kwa kiasi, akaona kwamba upofu uliwaandama zaidi waliopewa kwa wingi. Jaribio la pamoja la hospitali za Marekani lililoanza mwaka 1953 lilithibitisha jambo hilo. Oksijeni ikizidi, mishipa midogo ya damu kwenye retina ya njiti (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), ambayo bado inakua, huacha kukua kama ipasavyo, na baadaye huchipuka ovyo na kuivuta retina. Mji uleule wa Melbourne, basi, ulituonya kuhusu oksijeni nyingi, na miaka 71 baadaye ukatuonyesha mahali ambapo tulikuwa tukimnyima mtoto oksijeni bila sababu.

Kupunguza mno nako kuna gharama. Majaribio matano yaliyofanyika Marekani, Kanada, Uingereza, Australia, New Zealand na kwingineko, yakiwa na karibu watoto 5,000 waliozaliwa kabla ya wiki 28, yalilinganisha kuweka kipimo cha oksijeni ya damu kati ya 85 na 89 na kukiweka kati ya 91 na 95. Takwimu zilizounganishwa na kuchapishwa mwaka 2018 zilionyesha kwamba kwenye kiwango cha chini walifariki asilimia 19.9, na kwenye kiwango cha juu asilimia 17.1. Waliohitaji matibabu ya retina walikuwa asilimia 10.9 kwenye kiwango cha chini na 14.9 kwenye kiwango cha juu. Ndiyo maana wodi nyingi hulenga 90 hadi 95 kwa njiti anayepewa oksijeni, na ving'ora vya mashine huwekwa pande zote mbili, chini na juu.

Wakati wa kuweka mrija, jaribio la Melbourne lilianza na kiwango cha oksijeni kilichokuwa kwenye hewa ambayo mtoto alikuwa akipewa tayari, na kukipandisha hadi asilimia 100 pale tu kipimo kiliposhuka chini ya 90. Huo ni mpango wa busara. Kosa lililo rahisi kufanyika ni la baada ya hapo: mrija umeingia, kila mtu amepumua, mrija unafungwa kwa plasta, picha ya eksirei inaitishwa, na oksijeni inabaki kwenye 100 kwa dakika 20 kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kuishusha. Mtu mmoja atajwe kwa jina kabla ya kuanza, na kazi yake iwe hiyo.

Kwa mtoto aliyezaliwa sasa hivi hesabu ni tofauti. Dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa, kipimo cha 60 hadi 65 kwenye mkono wa kulia ni cha kawaida. Dakika ya tano ni 80 hadi 85. Na dakika ya kumi ni 85 hadi 95. Kumjaza oksijeni mtoto wa dakika mbili kwa sababu kipimo kinasoma 68 ni kutibu namba.

Hospitali yetu haina mashine ya mkondo wa puani. Tufungue mpira wa kawaida hadi lita 8?

Hapana, msifanye hivyo. Lita 8 za Melbourne zilikuwa hewa iliyopashwa joto, iliyotiwa unyevu na iliyochanganywa kwa kipimo. Oksijeni ya mtungi ni kavu na baridi, na kwa kasi hiyo hukausha na kuumiza pua ya mtoto, huweza kujaza tumbo hewa, na msukumo wake haupimiki. Kwa mpira wa kawaida wa puani, Shirika la Afya Duniani hupendekeza nusu lita hadi lita moja kwa dakika kwa mtoto mchanga.

Hospitali nyingi za wilaya nchini Tanzania na Kenya ziko katika hali hiyo, na nyingine zina mtungi au mashine ya kuzalisha oksijeni bila kichanganyio cha kupunguza makali yake. Hapo kinachookoa maisha zaidi ya mrija ni kupulizia hewa kwa mfuko na barakoa kwa ustadi. Mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua ndani ya dakika ya kwanza yalipofanyiwa majaribio katika hospitali 8 za Tanzania, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Katika mafunzo hayo hapakuwa na mrija wala mashine ya mkondo. Palikuwa na mikono ya wakunga, mfuko, barakoa inayoziba vizuri, na mazoezi ya mara kwa mara.

Panapokuwa na mtu aliyefundishwa kuweka mrija lakini hakuna mkondo wa puani, yapo mengi ya kufanya bila kununua kitu. Mpandisheni mtoto kwanza hadi atulie. Mirija miwili iwe imefunguliwa, wa saizi inayotarajiwa na wa saizi ndogo zaidi, na taa ya laringoskopu iwe imejaribiwa. Mtu mmoja asimame akisoma kwa sauti mapigo, oksijeni na sekunde, na neno lake likiwa "acha", mwenye laringoskopu aache bila kubishana, hata kama anasema ameona nyuzi sauti. Nimeona mara nyingi kwamba anayeinamia mdomo wa mtoto huamini sekunde 10 zimepita wakati zimepita 40. Hilo si kosa la tabia. Ni jinsi akili inavyofanya kazi ikielekezwa kwenye kitu kimoja, na ndiyo sababu saa iwe mikononi mwa mtu mwingine.

Barakoa ya koromeo haiwezi kuchukua nafasi ya mrija?

Kwa watoto waliokwisha kuzidi kilo mbili, wakati mwingine inaweza. Hiyo ni barakoa ndogo inayokaa juu ya koromeo bila kupita kati ya nyuzi sauti, na mtu hujifunza kuiweka kwa muda mfupi. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, wakunga waliitumia katika jaribio la watoto zaidi ya 1,100, lililochapishwa mwaka 2020. Watoto waliofariki mapema au kupata madhara ya ubongo walikuwa asilimia 27.4 kwa barakoa ya koromeo na asilimia 24.4 kwa barakoa ya uso, tofauti ambayo haikutosha kusema kwamba moja ni bora. Ni kifaa cha kuwa nacho karibu pale barakoa ya uso inapokataa kuziba na mrija unapokataa kuingia.

Laringoskopu yenye kamera inaleta tofauti?

Ndiyo, kubwa. Jaribio la Dublin, Ireland, lililochapishwa mwaka 2024, lilikuta kwamba kwa kamera mrija uliingia mara ya kwanza kwa watoto 79 kati ya 107, na bila kamera kwa 48 kati ya 107. Kamera humpa mhudumu macho, oksijeni ya puani humpa muda. Hazishindani.

Mtoto anasikia maumivu?

Anasikia. Kwa sababu hiyo, pasipokuwa na dharura, mtoto hupewa dawa kabla ya kuanza: ya kutuliza maumivu kama fentanili, mara nyingi atropini ili moyo usipunguze mwendo, na katika baadhi ya hospitali dawa ya kulegeza misuli. Mtoto aliyelegezwa hakazi taya wala hakohoi, na koromeo lake huonekana vizuri. Lakini pia hawezi kuvuta pumzi hata moja ya kujiokoa, na kwa hiyo wanaompa dawa hizo wanalazimika kuwa na uhakika wa kumpulizia hewa kwa barakoa. Pale mtoto anapozaliwa bila kupumua, hakuna muda wa dawa, na hatusubiri.

Vipimo vya oksijeni vinasoma sawasawa kwa watoto wenye ngozi nyeusi?

Si kikamilifu. Utafiti uliofanywa Marekani kwa njiti ulikuta kwamba kwa watoto Weusi kipimo cha mwangaza kilikuwa na tabia ya kusoma juu zaidi kuliko kiwango halisi cha damu, kuliko kilivyofanya kwa watoto Weupe. Tofauti si kubwa kiasi cha kutupa kipimo, ila ni sababu ya kutoridhika na namba iliyo mpakani. Rangi ya bluu nayo ni ngumu kuiona kwenye ngozi yetu; tazama ulimi na upande wa ndani wa midomo, usitazame vidole.

Mnajuaje kwamba mrija umeingia mahali pake?

Dalili ya kwanza ya kutegemewa ni mapigo ya moyo kupanda. Pamoja nayo kuna kipima kabonidayoksaidi kinachounganishwa kwenye mrija, chenye karatasi inayogeuka kutoka zambarau kuwa njano mtoto anapotoa pumzi. Ikibaki zambarau, mrija huenda umeingia kwenye njia ya chakula na unapaswa kutolewa, ingawa kwa mtoto ambaye moyo wake unapiga kwa shida sana karatasi inaweza isigeuke hata kama mrija uko sawa. Kifua kinapaswa kunyanyuka pande zote mbili, na eksirei huthibitisha kina.

Kuna watoto ambao hawafai kupewa mkondo wa puani?

Wapo. Mtoto mwenye tundu kwenye kiwambo cha chini ya mapafu, ambaye utumbo umepanda kifuani, hapaswi kusukumiwa hewa inayoweza kujaza utumbo huo. Mwenye pua iliyoziba tangu kuzaliwa hawezi kufaidika. Na mtoto ambaye mapigo yake yamekwisha kuporomoka anahitaji kupuliziwa hewa sasa hivi. Kusimama kumtafutia vimrija vya pua ni kumchelewesha.

Sisi wazazi tunaweza kukaa pale?

Inategemea wodi na hali ya mtoto. Ukiruhusiwa, simama upande wa miguu, ambako hutamzuia mtu. Ukiombwa kutoka, una haki ya kuambiwa baadaye kwa lugha unayoielewa: walijaribu mara ngapi, oksijeni na mapigo vilishuka hadi wapi na kwa muda gani, na sasa anapewa oksijeni kiasi gani. Hakuna anayepaswa kukasirishwa na maswali hayo. Usiguse vifungo vya mashine wala kuongeza oksijeni mwenyewe, hata ukiona namba inashuka, mwite muuguzi.

Baada ya mrija kutolewa kinafuata nini?

Mara nyingi mtoto hurudishwa kwenye CPAP au kwenye vimrija vilevile vya puani, na oksijeni hupunguzwa taratibu kadiri anavyoimarika. Kama alizaliwa akiwa mdogo sana au kabla ya muda wake kwa wiki nyingi, ulizia tarehe ya kupimwa retina, ambayo kwa wengi huwa wiki ya nne baada ya kuzaliwa. Ikiwa ataruhusiwa kwenda nyumbani kabla ya hapo, hakikisha tarehe imeandikwa kwenye kadi yake ya kliniki kabla hamjatoka wodini, kwa kuwa dalili za ugonjwa huo hazionekani kwa macho ya mzazi hadi muda wa matibabu umekwisha kupita.